Umeme Ukikatika kwa Dhoruba: Dalili, Sababu na Pa Kupata Msaada

Kimbunga Hidaya kilipofika Kisiwa cha Mafia tarehe 4 Mei 2024, upepo na mvua viliitikisa pwani ya kusini ya Tanzania, boti za kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zikasitisha safari, na barabara ya kwenda Lindi ikakatwa na maji maeneo ya Somanga, wilayani Kilwa. Lindi ilikwisha kupigwa na kimbunga mwaka 1952, kwa hiyo jambo lenyewe si geni kabisa. Hata hivyo, hatuhitaji kimbunga ili tukose umeme: mvua ya masika ya saa mbili, ikiambatana na upepo wa kuangusha makuti, inatosha kuiacha kata nzima gizani hadi asubuhi.

Giza lenyewe halijamuua mtu. Wanaokufa hufa kwa sababu waligusa waya waliodhani umekufa, walilala na jiko la mkaa chumbani, au waliwasha jenereta mahali pasipo na hewa. Kwa sababu hiyo mwongozo huu hauanzi na swali la lini umeme utarudi, bali na dalili zisizosubiri; zile za kusumbua tu, kama mita kukataa tokeni, zimewekwa baadaye. Dalili moja huweza kuwa na sababu mbili au tatu, na tofauti ya sababu hizo ndiyo inayoamua kama mwenye nyumba aguse au akae mbali. Mifano imechukuliwa zaidi pwani ya Tanzania, lakini nyaya za Mombasa, Unguja na Bujumbura hazina tabia tofauti.

Waya umelala chini, unaning'inia au umegusa mti

Waya uliolala chini bila cheche wala mlio unaweza kuwa na umeme kamili. Sababu ni kwamba laini kubwa za kusambaza umeme, zile za kilovolti 11 na 33, mara nyingi zina swichi za kujirudisha zenyewe: tawi likigusa waya, swichi hukata umeme, husubiri sekunde chache, kisha huurudisha ili kupima kama tatizo limeondoka. Huweza kufanya hivyo mara kadhaa. Mtu aliyeona taa za mtaa zimezimika na kujisemea kwamba sasa ni salama kuuvuta waya pembeni ili bodaboda wapite, huenda anaushika katika sekunde ileile ambayo umeme unarudi.

Kaa umbali usiopungua meta 10, na zaidi ya hapo ikiwa ardhi imelowa au maji yametuama. Umeme unapoingia ardhini husambaa kuzunguka mahali waya ulipogusa, nao hupungua nguvu kadiri unavyokwenda mbali. Ndiyo maana mtu anayepiga hatua ndefu karibu na hapo huwa na mguu mmoja kwenye umeme wenye nguvu zaidi na mwingine kwenye umeme hafifu, na tofauti hiyo hupita mwilini mwake kupitia miguuni. Ukijikuta umeshakaribia, usikimbie. Geuka taratibu na uondoke kwa kuburuza nyayo pasipo kuziinua, miguu ikiwa imebanana. Ng'ombe hufa kwa njia hiyohiyo, tena upesi kuliko binadamu, kwa kuwa miguu yao ya mbele na ya nyuma imeachana sana. Mnyama aliyekufa karibu na nguzo baada ya mvua ni onyo la kutosha kwa wanaotaka kwenda kumchinja.

Waya ukiangukia gari au daladala, abiria wabaki ndani bila kugusa vyuma hadi mafundi wa shirika la umeme wathibitishe kwamba laini imezimwa. Sababu pekee ya kutoka ni moto. Hapo mtu hujirusha nje akiwa amebananisha miguu, asiguse gari na ardhi kwa wakati mmoja, kisha aondoke kwa kuburuza nyayo. Wakati huohuo watu wawili au watatu wasimame pande zote za barabara kuzuia wapita njia, hasa watoto, na mmoja apige simu kwa shirika la umeme.

Mtu amenaswa na umeme

Ikiwa amenaswa ndani ya nyumba, kwenye pasi, pampu au soketi, kimbilia swichi kuu uizime kabla ya kumgusa. Swichi ikiwa mbali au haifikiki, simama juu ya kitu kikavu kisichopitisha umeme, kama ubao au ndoo ya plastiki iliyogeuzwa, kisha umsukume au uusukume waya kwa mpini mkavu wa ufagio. Njia hii ni kwa umeme wa ndani ya nyumba tu. Kwa waya wa nguzo, mti ulioloweshwa na mvua hauzuii chochote, na msamaria aliyekwenda na mti wa mwembe huongeza idadi ya maiti.

Akishaachana na umeme, angalia kama anapumua. Kama hapumui, mlaze chali, weka viganja katikati ya kifua na ukandamize kwa nguvu na kwa haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mkipokezana hadi apumue au mfike hospitali. Palipoungua pamwagiwe maji safi ya baridi kwa dakika 20, pasipakwe dawa ya meno wala mafuta. Hata aliyeinuka akisema yuko salama apelekwe hospitali, kwa sababu umeme huweza kuvuruga mapigo ya moyo na kuunguza misuli ndani huku ngozi ikionekana nzima.

Bati, bomba au ukuta unapiga shoti

Dalili hii hujitokeza zaidi kwenye nyumba za mabati baada ya upepo mkali, na kwa kawaida anayeigundua ni mtoto aliyeshika kamba ya chuma ya kuanikia nguo. Sababu ya kwanza ya kuifikiria ni waya unaotoka nguzoni kuchubuka kwa kusuguana na ncha ya bati hadi shaba ikagusa paa. Ya pili ni maji kuingia kwenye boksi la taa darini au ndani ya ukuta, umeme ukapata njia kupitia tofali lililolowa. Ya tatu, ambayo mafundi wa mitaani huisahau, ni waya wa ardhi uliokatika au fimbo yake kung'olewa na maji: hitilafu ndogo ya friji au pampu, ambayo ingeishia ardhini bila madhara, sasa huishia kwenye bomba la kuogea.

Kuzitenganisha sababu hizi ni rahisi, ila mjaribuji asiwe wewe kwa kugusagusa bati kwa nyuma ya kiganja, kama wengi wanavyopenda kufanya. Watoe watu wote nje, kisha uizime swichi kuu ikiwa unaweza kuifikia ukiwa umekanyaga pakavu na umevaa viatu vya mpira. Fundi mwenye kipimo akikuta umeme bado upo kwenye bati hali swichi kuu imezimwa, tatizo liko upande wa shirika, kati ya nguzo na mita, na ni wao pekee wanaoruhusiwa kuligusa. Umeme ukiondoka baada ya kuzima, tatizo limo ndani ya nyumba na ni jukumu la mwenye nyumba kulitengeneza.

Maji ya mafuriko yakishafika usawa wa soketi, usiingie hata kuokoa televisheni. Swichi isiyofikika kwa miguu mikavu iachwe ilivyo, na shirika liombwe kukata umeme kutoka nguzoni.

Taa moja inawaka kupita kiasi, nyingine imefifia

Ningependa kila mwenye nyumba aijue dalili hii. Taa za kwako zinang'aa isivyo kawaida, za jirani zimefifia, na friji ikianza kuunguruma zinabadilishana. Anayeiona husema umeme ni mdogo, akaenda kulala. Kumbe mara nyingi ni waya wa nyutro uliokatika au kulegea, nguzoni au kwenye transfoma, baada ya upepo kuutikisa.

Nyutro, waya wa kurudishia umeme, ndiyo inayozifanya laini zote tatu (fezi) zinazoleta umeme mtaani zibaki kwenye volti 230 kila moja. Ikikatika, nyumba za laini tofauti huunganishwa kwa mfululizo bila kujua, na kati ya laini na laini kuna volti 400. Nyumba yenye mizigo michache, yaani vifaa vichache vilivyowashwa, hupewa volti nyingi, na ile yenye mizigo mingi hubaki na kidogo. Televisheni, chaja na kompyuta za nyumba yenye mzigo mdogo huungua kwa dakika chache, na waya wa zamani huweza kushika moto. Zima swichi kuu mara moja, usisubiri uone kama itatulia. Waambie na majirani, kwa sababu tatizo la transfoma haliishii kwenye uzio wako, kisha toa taarifa ukitaja wazi kwamba taa nyingine zinazidi na nyingine zinafifia. Maneno hayo humweleza mpokea simu kuwa ni dharura na si malalamiko ya umeme mdogo.

Nyumba yako tu ndiyo iko gizani

Taa za jirani zikiwaka, anzia kwenye mita. Mita ya LUKU, ile ya kulipia umeme kabla ya kuutumia, yenye uniti sifuri hukata umeme hata siku ya dhoruba, na jambo la kawaida kuliko nguzo kuanguka ni uniti kuisha usiku ambao mtandao wa simu umekwama, huduma za fedha za simu hazipatikani na duka la tokeni limefungwa. Kwa hiyo, Mamlaka ya Hali ya Hewa ikishatoa angalizo, na hasa likipanda kuwa tahadhari au tahadhari kubwa, nunua uniti za siku tatu na uziingize siku hiyohiyo.

Kwa wenye mita iliyofungwa nguzoni, rimoti ya ndani huzungumza na mita kupitia nyaya zilezile za umeme, kwa hiyo ikikataa tokeni wakati umeme umekatika haimaanishi kwamba tokeni ni mbovu. Subiri umeme urudi, badilisha betri za rimoti, ujaribu tena kabla ya kununua nyingine. Tokeni yenye tarakimu 20 iandikwe kwenye karatasi, kwani simu huzimika.

Uniti zipo na mita inaonyesha namba, lakini ndani ni giza: hapo angalia breka kuu, ile yenye kitufe kidogo kilichoandikwa herufi T. Kazi yake ni kukata umeme unapovujia ardhini, na unyevu wa mvua huichokoza kirahisi. Ikiwa imeshuka, shusha breka ndogo zote, ipandishe hiyo kuu, kisha pandisha ndogo moja baada ya nyingine ukisubiri kidogo kila mara. Ile itakayoiangusha kuu ndiyo yenye tatizo. Pwani, mkosaji wa kwanza huwa ni taa ya nje iliyojaa maji, wa pili pampu ya kisima, wa tatu hita ya maji ya kuogea. Iache breka hiyo chini, tumia umeme wa vyumba vingine, ukamwite fundi mvua ikikatika. Breka kuu ikigoma kukaa hali ndogo zote zimeshushwa, au ukisikia harufu ya plastiki inayoungua, acha. Kuifunga breka kwa waya au kwa gundi ili isishuke, jambo ambalo limeshuhudiwa, ni kuiondoa kinga pekee iliyobaki kati ya familia na moto.

Mita isipoonyesha chochote kabisa wakati majirani wana umeme, tazama juu ukiwa mbali. Huenda waya wa kuja kwako umekatika, au fyuzi ya nguzoni imeungua, na yote mawili ni kazi ya shirika.

Mtaa mzima, au nusu ya mtaa, hauna umeme

Nusu ya mtaa ikiwaka na nusu ikiwa gizani, kwa mpango wa nyumba moja ina, ya pili haina, ya tatu ina, laini moja kati ya tatu imekufa, na kwa kawaida ni fyuzi ya transfoma. Matengenezo yake ni ya muda mfupi gari likifika. Mwenye mashine ya fezi tatu, kama ya kusaga au ya kuranda mbao, aizime mara moja, kwani mota huungua ikilazimishwa kuzunguka kwa laini mbili.

Kata nzima ikiwa gizani, sababu iko mbali nawe: mnazi umelalia laini, nguzo imelala kwa kuwa udongo umelowa, au kituo kimezimwa kwa usalama. Pwani kuna sababu nyingine isiyozungumzwa sana. Upepo wa bahari hubeba chumvi na kuipaka kwenye vikombe vya nguzo, vile vinavyoshika nyaya ili umeme usipite kwenye nguzo. Manyunyu yakiilowesha, umeme hutambaa juu ya kikombe, na usiku huonekana mwali wa buluu ukiambatana na mlio wa kukaanga. Mvua kubwa hukisafisha kikombe na tatizo huisha lenyewe. Manyunyu ndiyo yanayoleta kero. Ukiuona mwali huo, taja namba ya nguzo unapotoa taarifa.

Umeme unarudi, unakatika, unarudi tena

Mara mbili tatu ndani ya dakika moja ni zile swichi za kujirudisha zikifanya kazi yake. Umeme ukirudi na kukaa dakika kadhaa kisha ukakatika tena, sababu mara nyingi ni sisi wenyewe: baada ya saa nyingi za giza, kila friji, kila pampu na kila kiyoyozi cha mtaa huwaka kwa pamoja, transfoma ikazidiwa na fyuzi ikaungua. Umeme unapokatika, chomoa friji, televisheni na pampu, na uache taa moja tu ikiwa imewashwa ili ikuarifu. Umeme ukirudi, subiri kama dakika 10 ukiangalia kwamba mwanga wa taa hiyo hauchezi, kisha anza na friji. Kifaa cha kulinda friji hufanya hivyo chenyewe, kwa hiyo taa yake ya kusubiri si ubovu.

Radi inapopiga karibu, kifaa cha kulinda friji hakitoshi. Chomoa plagi ukutani pamoja na waya wa dishi kabla mvua haijafika, na usichomoe wakati radi zenyewe zinapiga.

Watu kadhaa wanaumwa kichwa na kusikia kichefuchefu

Maumivu ya kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, mwili kulegea na usingizi mzito: katika nyumba zetu dalili hizi huitwa malaria kabla ya kupimwa. Usiku wa dhoruba jiulize kwanza maswali matatu. Je, zimewapata watu wawili au zaidi kwa saa ileile? Je, hakuna mwenye homa? Je, anayetoka kibarazani hupata nafuu? Jibu likiwa ndiyo, sababu ya kwanza ya kushuku ni hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na harufu wala rangi, inayotoka kwenye jenereta, jiko la mkaa au kitu chochote kinachoungua mahali pasipo na hewa ya kutosha.

Jiko la mkaa ndilo linalodanganya. Mkaa ukishashika hautoi moshi, basi mama huliingiza ndani, mvua ikiwa inanyesha uwanjani, akafunga madirisha ili maji yasiingie, watoto wakaotea hapo na kulala. Mkaa mwekundu usio na moshi ndio unaotoa hewa hiyo kwa wingi. Kufungua dirisha nusu hakutoshi, na kumwagia majivu juu ya makaa hakukomeshi. Pikia kibarazani chini ya paa lililo wazi pande zake, na jiko lisilale chumbani hata likionekana limezimika. Jenereta nayo ikae nje, angalau meta 6 kutoka mlango au dirisha lolote, likiwemo la jirani, na bomba lake la moshi lielekee mbali na nyumba. Kuifungia stoo au kwenye korido kwa kuogopa wezi ni hatari kubwa kuliko wezi wenyewe.

Aliyepatwa atolewe nje mara moja na apelekwe hospitali akapewe oksijeni, na anayekwenda kumtoa afungue milango na kutoka naye haraka bila kukaa kutafuta chanzo. Waganga waambiwe wazi kwamba kulikuwa na jiko au jenereta, vinginevyo kipimo cha malaria kitachukua muda ambao mgonjwa hana.

Jenereta ina hatari ya pili. Kuichomeka kwenye soketi ya ukutani kwa waya wenye plagi pande mbili huurudisha umeme hadi kwenye transfoma, ambayo huupandisha na kuupeleka kwenye laini kubwa ambako fundi amepanda nguzo akiamini imezimwa. Tumia swichi ya kubadilishia iliyofungwa na fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji ya Tanzania, au chomeka vifaa moja kwa moja kwenye jenereta.

Friji imekaa bila umeme

Friji isiyofunguliwa huhifadhi ubaridi kama saa 4. Friza iliyojaa huenda hadi saa 48, na iliyojaa nusu saa 24. Nyama, maziwa na chakula kilichopikwa, vikishakaa kwenye joto la kawaida kwa saa 2, visihifadhiwe tena.

Samaki wanahitaji neno la peke yao, kwa kuwa pwani tuna imani kubwa na kikaango. Jodari, kibua na dagaa wakipoteza ubaridi, bakteria hutengeneza histamini ndani ya nyama, na histamini haivunjwi kwa kukaangwa, kuchemshwa wala kugandishwa upya. Uso kuwa mwekundu, mwili kuwasha, kichwa kugonga na kuhara ndani ya muda mfupi baada ya kula ni dalili zake, na hufanana na mzio. Samaki anaweza asinuke kabisa. Walioyeyuka kwa saa nyingi watupwe, wasipelekwe sokoni.

Mwenye kisukari asiitupe insulini kwa hofu. Chupa au kalamu inayotumika kwa kawaida huvumilia joto lisilozidi nyuzi 30 kwa takriban wiki 4, ingawa karatasi iliyomo ndani ya boksi ndiyo yenye neno la mwisho. Kwa akiba ambayo haijafunguliwa, vyungu viwili hufaa: weka chupa kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, ndani ya chungu kidogo chenye kifuniko, kiweke chungu hicho ndani ya chungu kikubwa, jaza mchanga uliolowa katikati yao, na uweke vyote kivulini penye upepo huku ukiulowesha mchanga asubuhi na jioni. Bara kwenye hewa kavu joto hushuka vizuri. Pwani wakati wa masika, hewa ikiwa imejaa unyevu, litashuka nyuzi chache tu, lakini hizo chache ndizo zinazotafutwa. Usiigusishe insulini na barafu, kwani ikiganda imeharibika. Insulini ambayo kwa kawaida huwa maji maangavu, ikionekana na mawingu au vipande, haifai tena.

Anayetegemea mashine ya oksijeni ahamishiwe karibu na hospitali wakati tahadhari inatangazwa, barabara zikiwa bado zinapitika.

Nani apigiwe, na aelezwe nini

Tanzania Bara, TANESCO hupokea taarifa kwa namba 180 bila malipo. Moto na uokoaji ni 114, polisi ni 112, na ushauri wa afya kutoka Wizara ya Afya ni 199. Zanzibar mhusika ni ZECO, shirika la umeme la huko. Kenya, taarifa za umeme hupokewa na Kenya Power kwa 97771 au kwa kubonyeza *977#, na Msalaba Mwekundu wa Kenya hupatikana kwa 1199. Ziandike ukutani kabla ya masika.

Kusema "huku kwetu hakuna umeme" hakumsaidii mpokea simu mwenye wilaya nzima gizani. Taarifa ya kufanyiwa kazi hufanana na hii: "Nguzo imelala barabarani nyuma ya soko, waya umegusa maji, nyumba za upande wa msikiti hazina umeme tangu saa nane usiku, za upande wa shule zinawaka, namba ya mita yangu ni hii, na vijana wanazuia watu wasipite." Ndani yake mna mahali, hatari, mpaka wa tatizo, saa na mita, na mpokeaji anaweza kuamua gari litangulie wapi. Omba namba ya taarifa uiandike. Mtaa ukipiga simu mara hamsini kuhusu nguzo moja, laini inajaa na mwenye waya chini hapati nafasi. Watu wawili wenye namba ya taarifa wanatosha.

Simu isipoita, si lazima iwe imeharibika: minara mingi huendeshwa na betri umeme unapokatika, na betri hizo huisha baada ya saa chache. Ujumbe mfupi hupenya mahali ambapo simu ya sauti na intaneti vimeshindwa, hivyo tuma ujumbe kwa ndugu aliye mji mwingine akupigie. Mwanga wa simu upunguzwe, tochi itumike ya betri, na redio ndogo ifunguliwe saa za taarifa ya habari. Njia ya mwisho ni ya miguu: mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji anaifikia kamati ya maafa ya eneo, na barabara ikikatwa kama ilivyotokea Somanga, yeye ndiye anayejua ni nyumba ipi ina mjamzito, mzee asiyejiweza au mgonjwa wa kuhamishwa kwanza.

Siku ya pili na ya tatu ya giza ndipo vishoka hujitokeza. Huja na ngazi na kofia ngumu, wakidai kwamba kwa kiasi fulani wanaweza kuirudisha fyuzi ya nguzoni leo hii. Fundi wa shirika ana kitambulisho, na taarifa uliyotoa ina namba anayoweza kuitaja. Matengenezo ya nguzo na transfoma hayalipiwi mkononi. Asiyeijua namba hiyo asipandishwe nguzo yako, hata kama mtaa mzima umeshachanga.